Loki ya mto inapobadilika tabia: dalili, visababishi na la kufanya

Mji wa Louisville, Kentucky, ulikua pale ambapo Mto Ohio ulikuwa ukikwamisha vyombo. Kuna maporomoko ya mawe hapo, maji yakishuka futi 26 hivi ndani ya maili mbili na ushei. Mwaka 1830 ulifunguliwa mfereji wa kuyakwepa, na mpaka leo misafara ya matishali yaliyofungwa pamoja, yenye makaa, nafaka, mafuta na kemikali, hupita hapo, kwenye loki na bwawa la McAlpine. Bwawa huzuia maji ya upande wa juu ili yapate kina cha kutosha vyombo kuelea. Loki ni chumba kirefu cha zege chenye geti mbele na geti nyuma. Chombo kikishaingia, chumba hujazwa au hupunguzwa maji mpaka yalingane na upande ambao chombo kinaelekea. McAlpine ina vyumba viwili, kila kimoja futi 1,200 kwa 110, na tofauti ya maji ya juu na ya chini ni futi 37, yaani zaidi ya mita 11.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria watu watatu: fundi au mwendesha loki anayeona kitu hakiko sawa, baharia wa sitaha, ambaye kazi yake ni kamba, na mvuvi wa mwisho wa wiki, kwa sababu Louisville sasa ina wasemaji wengi wa Kiswahili waliotoka Kongo, na chini ya bwawa ndipo samaki hukusanyika. Mengi yatamfaa pia anayehudumia mageti ya mabwawa ya umeme au umwagiliaji Afrika Mashariki, ingawa mito ya huko haina loki.

Kabla ya dalili, lieleweke hili. Loki ya aina hii haisukumi maji kwa pampu. Maji hushuka yenyewe kupitia mahandaki yaliyojengwa kwenye kuta, na yanaruhusiwa au kuzuiwa na valvu. Kujaza chumba kimoja cha McAlpine mara moja ni kuingiza karibu lita milioni 138. Chumba kikijaa, geti la chini linasukumwa kwa nguvu inayozidi tani 2,000. Nguvu hiyo haipo wakati geti linafungwa, maana maji ya pande zote mbili yanalingana na mota ya kawaida inatosha kulisogeza. Inakuja dakika chache baadaye, valvu zikishafunguliwa, wakati mwendeshaji ameshaamini kwamba kazi ngumu imekwisha.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila dalili hapa chini ni lilelile: maji ya pande mbili yanalingana sasa hivi? Kama yanalingana, una muda wa kuchunguza. Kama hayalingani, funga valvu kwanza, ndipo uanze kutafuta chanzo.

MABAWA YA GETI HAYAKUTANI SAWASAWA

Mageti mengi ya Mto Ohio na wa Mississippi yana mabawa mawili yanayofunga kwa pembe, ncha ya pembe ikielekea upande wa juu wa mto. Maji yakipanda nyuma yake huyabana mabawa yazidi kushikana. Yakikutana vizuri hufanya kazi kama tao. Yasipokutana vizuri, nguvu ileile iliyotakiwa kuyabana ndiyo inayoyapindua.

Dalili huanzia kwenye meza ya uendeshaji: taa haithibitishi kwamba geti limefunga. Wakati mwingine taa inathibitisha, lakini ukienda kusimama juu ya geti unaona mwanya kwenye mshono, au bawa moja limemtangulia mwenzake kwa sentimita kadhaa. Nenda ukaone kwa macho. Taa inaeleza habari za swichi, haielezi habari za geti.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni gogo. Mto Ohio ukipanda hubeba miti mizima, na gogo lililolowa likazama hulala juu ya kizingiti, yaani ukingo wa zege sakafuni ambao geti hujiegemeza. Wakati wa baridi ni barafu, nayo hujibana kwenye kona ya ukutani pale bawa linapojikunja kuingia kwenye nafasi yake. Baada ya mafuriko ni tope na mchanga. Zaidi ya hayo kuna visababishi vya chuma: mkono unaosukuma bawa umepinda, springi zake zimelegea, au pini ya chini imechakaa hata bawa likashuka na kuinama.

Kuvitofautisha si kazi ngumu. Fungua geti, kisha lifunge tena polepole, ukipima mwanya kila mara. Mwanya ukibaki mahali palepale kwa kipimo kilekile, shuku chuma. Ukihama au ukibadilika ukubwa, shuku kitu kilichokwama. Mshono ukiwa mzuri kwa macho na kwa kipimo ilhali taa inakataa, shuku swichi ya ukomo, yaani ile inayowasha taa geti likifika mwisho. Hata hapo, usiiunganishe swichi kwa waya ili uipite kazi iendelee. Swichi iliyopitwa leo kwa sababu ya haraka itabaki hivyo hadi zamu ijayo, na atakayekuja hatajua kwamba taa anayoitazama haina maana.

La kufanya ni kutojaza chumba. Usililazimishe geti kwa mota. Gogo lililobanwa chini linaweza kupinda bawa zima kwa sababu sehemu ya juu inaendelea kusogea ilhali ya chini imezuiwa. Loki nyingi zina mabomba ya hewa iliyobanwa karibu na kizingiti, na povu lake huweza kusogeza barafu na takataka. Mabomba hayo yasipokuwapo, geti likiwa wazi unaweza kuleta mkondo mdogo kutoka valvu za upande wa pili ukaosha kizingiti. Yakishindikana yote, anaitwa mpiga mbizi, na habari zake nitazieleza mbele.

Foleni ndiyo inayowaponza watu. Tagi, yaani boti zinazosukuma misafara, zinasubiri, manahodha wanauliza redioni, na mwendeshaji anaona aibu kusimamisha mto mzima kwa sababu ya mwanya wa vidole viwili. Maili 75 hivi juu ya Louisville ipo loki ya Markland. Tarehe 27 Septemba 2009 geti la chumba chake kikubwa liliharibika, na chumba hicho kikakaa kimefungwa mpaka mwaka 2010. Misafara ya matishali 15 ililazimika kupita chumba kidogo cha futi 600, ikikatwa vipande viwili, nusu ikipita na nusu ikisubiri. Anayeogopa kuchelewesha foleni kwa saa mbili aipime na miezi hiyo.

GETI LINATETEMEKA, LINARUKA AU LINALIA

Geti zima huzunguka karibu kimya. Kila bawa limeshikiliwa sehemu mbili. Chini limekalia kitako cha chuma chenye umbo la tufe, kilichofungwa sakafuni, nalo hukizungukia. Juu limeshikwa na pini iliyoungwa na vyuma vya nanga vilivyozikwa ndani ya zege la ukuta.

Kishindo kinachorudi kila mara bawa linapofika pembe ileile kwa kawaida kinatoka chini: grisi haifiki, au tufe limelika. Sehemu hiyo iko ndani ya maji na huioni, hivyo soma shinikizo la pampu ya grisi. Shinikizo likiwa juu kuliko kawaida na grisi haitembei, bomba limeziba. Likiwa chini na grisi inakwenda bila upinzani wowote, bomba limekatika na grisi yote inaishia mtoni. Hali ya pili hudanganya watu kwa muda mrefu, kwa sababu pampu inafanya kazi, pipa linapungua, na daftari linaonyesha kwamba geti limetiwa grisi.

Angalia pia ampea za mota. Zikipanda kidogo kidogo wiki hadi wiki kwa geti lilelile, kuna kinachokaza. Zikipanda ghafla siku moja, kuna kilichokwama.

Sauti ya kukwaruza au kulia kutoka juu, kwenye nanga, ni jambo la kusimamisha kazi papo hapo. Piga magoti uangalie zege kuzunguka vyuma vya nanga. Unatafuta ufa mpya wenye kingo safi, rangi iliyochanika, unga mweupe, au mchirizi wa kutu mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Funga geji ya sindano kati ya chuma na zege, kisha zungusha bawa taratibu huku maji yakilingana. Sindano ikienda bila kurudi ilipoanzia, chumba kifungwe mpaka mhandisi wa miundo afike. Pini ya juu ikiachia, bawa hilo halina kingine cha kulizuia lisianguke.

CHUMBA KINACHELEWA KUJAA, AU MAJI YANAVURUGIKA UPANDE MMOJA

Kila loki ina muda wake wa kujaa kwa tofauti fulani ya maji. Uandike kwa kila mzunguko, pamoja na usomaji wa kipimo cha juu na cha chini. Bila namba hizo utabaki na hisia tu kwamba leo imekawia.

Kukawia kunakoongezeka siku hadi siku baada ya mvua ni takataka kwenye wavu wa mlango wa handaki. Kukawia kulikoanza ghafla ni valvu: ama ya kujazia haikufunguka yote, ama ya kutolea haikufunga yote na maji yanaingia huku yakitoka. Nenda upande wa chini, utazame mahali maji ya loki yanapotokea. Panapaswa kutulia wakati chumba kinajazwa. Pakiwa panavurugika, umekipata.

Maji yakifura upande mmoja wa chumba, valvu moja tu ndiyo inayofanya kazi. Loki inaweza kuendeshwa hivyo kwa muda, lakini polepole sana, na nahodha lazima aambiwe kabla, kwa sababu msafara wake utasukumwa kuelekea ukuta wa pili na kamba zitapokea mzigo usio wa kawaida.

Milio ya kishindo ndani ya shimo la valvu ni mapovu ya mvuke yanayopasuka kwa nguvu karibu na chuma. Huchimba chuma na zege hadi kuacha mashimo. Usiiache valvu isimame kwenye kiwango cha ufunguzi kinachotoa milio hiyo. Ipite upesi, na ukague kama tundu la kupitishia hewa limeziba.

MAJI YANASHUKA YENYEWE CHUMBANI

Hili ndilo ningependa kila mwendeshaji alijue kwa moyo, kwa sababu tofauti kati ya uvujaji wa kawaida na mwanzo wa maafa huonekana mapema kama mtu anajua pa kutazama.

Anza na kipimo. Chumba kikiwa hakina chombo, kiweke maji katikati ya kiwango cha juu na cha chini, funga kila kitu, kisha soma kipimo kila dakika. Maji yakishuka, kasoro iko upande wa chini: geti la chini au valvu za kutolea. Yakipanda, iko upande wa juu. Yakikaa palepale ilhali unaona uvujaji pande zote mbili, usifurahi; yanaingia kwa kasi ileile yanayotoka. Basi rudia ukiwa umekishusha chumba hadi chini kabisa, uone yanapanda kwa kasi gani.

Kisha tazama maji yenyewe. Mpira wa geti uliochakaa hutoa mrushio mwembamba kwenye mshono au pembeni mwa ukuta, maji ni yaleyale ya mto, na kiasi hakibadiliki kwa wiki nyingi. Hilo litaingia kwenye ratiba ya matengenezo. Lakini ukiona maji yanachemka sakafuni mbali na geti, au yanatoka kwenye ufa wa zege, au yana tope kuliko mto ulivyo siku hiyo, au uvujaji wa asubuhi si wa jioni, acha kila kitu. Tope maana yake maji yanabeba udongo wa chini ya msingi. Njia yao inapanuka kadiri yanavyopita.

Tarehe 16 Januari 2024, kwenye loki ya Demopolis, Mto Tombigbee, Alabama, zege la kizingiti cha geti la juu lilivunjika na maji yakapata njia chini ya geti. Geti lenyewe halikuwa na kosa. Loki ilifungwa hadi Mei mwaka huo, na kwa muda wote huo hapakuwa na njia nyingine ya maji mahali pale. Kizingiti hakionekani wakati wowote loki inapofanya kazi. Kinaonekana tu chumba kikikaushwa kwa kuteremsha vizuizi vya chuma pande zote mbili na kuyatoa maji. Ndiyo maana ukaguzi wa chumba kikavu haufai kuahirishwa kila bajeti inapobana.

Kuna pia zege linaloumwa lenyewe. Kwenye loki ya Chickamauga, Chattanooga, iliyofunguliwa mwaka 1940, kokoto zilizotumika zinajibizana kikemikali na saruji na zege linavimba. Dalili zake ni nyufa zenye umbo la wavu, mageti yanayobana bila sababu ya chuma, na kuta zinazohama milimita kwa milimita kwenye vipimo vya kila mwaka. Dawa ya kulirudisha zege hilo haipo. Linafungwa kwa nondo na kufuatiliwa kwa vipimo, na hatimaye inajengwa loki nyingine, kama inavyofanywa pale.

Sasa mpiga mbizi. Panapovuja, maji hayamwonyeshi nguvu yake mpaka amefika karibu, na akifika hana tena nafasi ya kurudi. Kwa tofauti ya maji ya mita 11, tundu lenye kipenyo cha sentimita 30 humvuta aliyeliziba kwa mwili wake kwa nguvu ya karibu kilo 800. Hakuna mtu wa kumng'oa hapo. Asishuke mtu kabla maji ya pande mbili hayajalinganishwa, valvu zote hazijafungwa, na umeme wa kila kinachoweza kusogea haujakatwa na kufungwa kwa kufuli, kibao chenye jina kikining'inia. Kila anayeingia awe na kufuli lake, na ufunguo wa mpiga mbizi ukae mfukoni mwa anayemsimamia, asiukabidhi kwa mtu mwingine hata kwa dakika moja.

KAMBA INAKAZA

Baharia mgeni hufundishwa haraka kufunga kamba, na ndani ya loki kufunga kamba moja kwa moja ndilo kosa linaloua. Maji yakishuka futi 37, chombo kinashuka futi 37. Kamba iliyofungwa juu ya ukuta bila mtu wa kuilegeza itainingʼiniza boti, au itakatika.

Kuta za loki kubwa huwa na magingi yanayoelea ndani ya mfereji wa wima, yakipanda na kushuka na maji. Ukiwa umezungushia kamba kwenye gingi hilo, litazame gingi na chombo kwa pamoja. Gingi likisimama ilhali chombo kinashuka, limekwama kwa barafu, takataka au gurudumu lililovunjika. Piga kelele, toa ishara ya kusimamisha, na mwendeshaji afunge valvu. Wakati huo ondoka kwenye mstari wa kamba. Na usilikanyage gingi lililokwama hata likionekana limetulia. Likiachia wakati maji yameshuka huanguka ghafla, na wakati yamepanda hupaa kwa nguvu ya maji yaliyolikaba.

Kamba ikikaza na kulegea kwa mawimbi wakati wa kujaza, valvu zimefunguliwa haraka mno. Tishali moja la nafaka hubeba tani 1,500 hivi, na msafara wa 15 unazidi tani 22,000. Uzito huo ukianza kusogea hata kwa mwendo wa mtu anayetembea, hakuna kamba itakayousimamisha. Mwendeshaji apunguze valvu, na baharia azungushe kamba upya ikiwa imelegea, kamwe si wakati imekaza. Miguu isiwe ndani ya mzunguko wa kamba, mikono isiwe kati ya chombo na ukuta. Jaketi la kujiokolea livaliwe na lifungwe vifungo vyote.

OMO YA MSAFARA INAVUTWA KUELEKEA BWAWA

Loki iko kando ya mto, na bwawa linauziba mto uliobaki. Maji mengi yanaelekea bwawani, kwa hiyo msafara unaokaribia loki kutoka juu hukutana na mkondo wa pembeni unaovuta omo, yaani sehemu ya mbele, kuutoa msafara kwenye mfereji. Mto ukiwa mdogo, nahodha anausahihisha kwa usukani. Mto ukiwa umejaa, unashinda usukani.

Dalili ya kwanza ni kwamba omo haijibu kama ilivyojibu dakika iliyopita, na alama za ukingoni zinasogea upande ambao hukuzielekeza. Nahodha mzoefu huacha kushindana na mkondo mapema: hupunguza mwendo akiwa bado mbali, huomba tagi ya kumsaidia, au husubiri ukingoni maji yapungue. Louisville ina huduma ya Walinzi wa Pwani ya kuongoza vyombo, ambayo huanza kazi kipimo cha juu cha McAlpine kinapofika futi 13 na maji yanaendelea kupanda. Huduma hiyo ikianza, chukulia kwamba mto si ule uliouzoea.

Tarehe 28 Machi 2023 tagi Queen City ilikuwa ikiteremka na matishali 11. Msafara uligonga ukuta ulio mlangoni mwa mfereji wa loki, na matishali 10 yakakatika. Matatu yalikwama kwenye bwawa la McAlpine, na moja kati ya hayo lilikuwa na tani 1,400 za methanoli. Kuliondoa kulihitaji kulitoa shehena kwanza huku mto ukilisukuma kwenye mageti. Mamlaka zilitangaza kwamba maji ya kunywa ya mji hayakuathirika.

Anayepanda mto naye hayuko salama kwa sababu tu ameshatoka lokini. Tarehe 9 Januari 2005, mto ukiwa umefurika, tagi Elizabeth M. ilipita loki ya Montgomery, Pennsylvania, ikielekea juu. Ilipotoka kwenye kinga ya ukuta, mkondo uliishinda, ikarudishwa nyuma na kubwagwa juu ya bwawa. Mabaharia walikuwa saba, na wanne wakafa. Hapo hapakuwa na chombo kibovu wala geti bovu. Uamuzi wenyewe wa kutoka ndio wa kuchunguzwa: injini ina nguvu ya kuushinda mkondo huu, kwa mzigo huu, leo? Mwendesha loki anayejua kasi ya mto ana haki, na naamini ana wajibu, wa kuuliza hivyo redioni kabla hajafungua geti la juu.

MAJI YA JUU YANASHUKA NA HAKUNA ALIYEFUNGUA

Kipimo cha juu kikishuka kwa kasi bila amri, tazama mageti ya bwawa. Ama geti halikushuka lote kwa sababu ya mnyororo uliokwama, gogo au barafu, ama kuna chombo kimekwama chini yake. Mwaka 2005, Januari ileile, matishali yaliyokatika yaliziba mageti ya bwawa la Belleville, pia kwenye Mto Ohio. Mageti hayakuweza kufungwa, na maji ya upande wa juu yakaondoka. Uholanzi waliona hali kama hiyo tarehe 29 Desemba 2016, meli ya mizigo ilipopasua bwawa la Grave kwenye Mto Maas kukiwa na ukungu. Maji ya juu yalishuka kwa mita tatu hivi, na nyumba za boti zikakaa kwenye matope.

Kwa bwawa la usafiri, watu hufikiria gharika upande wa chini na kusahau upande wa juu. Maji yakiondoka, mabomba ya miji yanayovuta maji ya kunywa yanabaki hewani, kingo za mto zilizolowa zinamomonyoka kwa kukosa maji ya kuziegemea, na matishali yaliyofungwa gatini yanalala upande. Hivyo simu za kwanza ziende pande zote mbili za mto. Orodha ya namba hizo iwe kwenye mpango wa dharura, ibandikwe ukutani, na ijaribiwe kwa kupiga kweli. Wahandisi wa Jeshi la Marekani hupanga mabwawa yao kwa madaraja matano ya hatari, la kwanza likiwa la kushughulikiwa upesi kuliko yote, lakini daraja halimsaidii mtu wa zamu ya usiku anayepiga namba ya mstaafu.

BOTI NDOGO NA WAVUVI CHINI YA BWAWA

Maji yanayopita chini ya mageti huibuka mbele yakiwa na povu, na sehemu ya juu yake hurudi nyuma kuelekea bwawa. Boti iliyo karibu huvutwa kwenda ukutani ilhali mto mzima unaonekana kuelekea upande mwingine. Maji yenye povu hayabebi vizuri, propela haishiki, na mtu anayezungushwa hapo huzama na kuibuka bila kutoka.

Dalili ni hizi: boti inaelekea bwawa ingawa injini haifanyi kazi; vijiti na chupa vinazunguka bila kwenda chini; maji yanabadilika kutoka rangi ya mto kuwa meupe. Mojawapo ikitokea, ondoka kwa kukata pembeni kuelekea ukingo, si kwa kugeuza papo hapo. Maji ya chini yanaweza pia kupanda haraka mageti yakifunguliwa zaidi, kwa hiyo aliyesimama juu ya mawe asiache njia yake ya kurudi ikiwa ya mguu mmoja tu. King'ora kikilia, panda kwanza. Samaki utawafuata baadaye.

Vibao na maboya ya eneo lililokatazwa hutofautiana kwa kila bwawa. Kwenye sehemu ya juu ya Mississippi eneo hilo kwa kawaida ni futi 600 juu ya bwawa na futi 150 chini yake. Yachukulie kama ukuta. Upande wa juu ni wa hatari zaidi kwa sababu unaonekana shwari: hakuna kelele, na ukiwa ndani ya boti huuoni ukingo wa bwawa mpaka uko juu yake.

Injini ikizima upande wa juu, shusha nanga papo hapo kutoka omoni. Usiishushe tezini, yaani nyuma, maana tezi iko chini na maji yataingia. Kila mtu awe ameshavaa jaketi kabla ya hapo, watoto kwanza. Ita msaada kwa redio ya VHF chaneli 16, au piga 911 ukitaja jina la loki, uko juu au chini ya bwawa, na uko karibu na ukingo wa Kentucky au wa Indiana. Walio ukingoni warushe kamba au chochote kinachoelea. Wasiingize boti ya pili kwenye povu kumfuata wa kwanza, hata akiwa ni ndugu. Wampigie mwendesha loki, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuagiza geti lililo juu ya mtu huyo lifungwe.